Ukuta mweusi huanzia kwenye taa

Desemba mwaka juzi, saa tisa alasiri, mpwa wangu alinipigia simu kutoka ng'ambo ya mto, hapa Göteborg, Uswidi. Nje giza lilikuwa limeshaanza kushuka.

"Shikamoo mjomba. Nimeharibu nyumba yangu."

Jumamosi na Jumapili nzima alikuwa akipaka rangi sebule. Alikuwa amezipenda picha za nyumba za Denmaki na Norwe: kuta za rangi ya mkaa, kiti cha ngozi, ngozi ya kondoo iliyotupwa juu ya kigoda, mshumaa unawaka, na ule utulivu unaomfanya mtu atamani kuvua viatu na kukaa. Akanunua ndoo mbili na rola, akatandika magazeti sakafuni, akaingia kazini. Kazi yenyewe aliifanya vizuri, kingo zote zimenyooka. Lakini jioni alipowasha taa ya dari, sebule ikageuka stoo.

"Niipake nyeupe tena?"

"Usiguse brashi. Nakuja na taa."

Mimi ni fundi rangi. Nilijifunza kazi Tanga, na huku Göteborg naifanya kwa mwaka wa kumi na nne sasa. Kilio kama cha mpwa wangu nimekisikia kwa Waswidi wenyewe na kwa wageni kama sisi, na karibu kila mara rangi haikuwa na kosa lolote. Picha huonyesha ukuta. Haionyeshi zile taa nne au tano ndogo zilizokaa pembeni, wala dirisha linaloingiza mwanga wa ubavuni, wala namba ya rangi iliyochaguliwa kwa saa kadhaa. Mtu hununua kile anachokiona, na anachokiona ndicho kitu cha mwisho katika mpango mzima. Kwanza ni mwanga. Ndoo ya rangi hufunguliwa baadaye.

Kwa nini watu wa gizani wapake giza?

Hili ndilo swali la kila mgeni, na ni swali la haki. Watu ambao Desemba huliona jua kwa saa sita na nusu, wakiwa na bahati na mawingu, wanawezaje kwenda dukani na kununua rangi ya mkaa?

Jibu linaanzia angani. Dar es Salaam jua hupita karibu na utosi, na mchana hauendi mbali na saa kumi na mbili mwaka mzima. Göteborg iko digrii 57.7 kaskazini. Katikati ya Desemba, jua la adhuhuri hapa hupanda kama digrii 9 tu. Nyosha mkono mbele yako na ukunje ngumi: ngumi hiyo ni kama digrii 10. Basi adhuhuri ya Desemba jua halijavuka ngumi moja juu ya upeo wa macho. Linachomoza karibu saa tatu asubuhi, linatambaa juu ya mapaa ya jirani, na ikifika saa tisa na nusu limezama. Ukienda juu zaidi, Tromsø, kaskazini mwa Norwe, tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari halichomozi kabisa. Kisha Juni mambo yanageuka: jua la Göteborg linazama baada ya saa nne usiku na kuchomoza tena saa kumi alfajiri.

Mwanga wa namna hiyo huingia ndani kwa ubavu, kama mgeni anayechungulia mlangoni. Hauchomi. Unapita juu ya ukuta kwa mlalo na kuonyesha kila kipele cha plasta. Na kwa muda mrefu wa mwaka, saa ambazo watu wako nyumbani hazina mwanga wa jua hata kidogo. Mtu anatoka kazini saa kumi na moja jioni, nje ni usiku kamili. Sebule yake, kwa miezi minne au mitano, ni chumba cha usiku tu.

Watu wa huku wamelijibu tatizo hilo kwa njia mbili, na dunia inaijua zaidi njia moja. Ya kwanza ni weupe. Mwaka 1930 yalifanyika Stockholm maonyesho makubwa ya ujenzi, yakiongozwa na msanifu Gunnar Asplund, na huko watu wakaonyeshwa nyumba za madirisha makubwa, kuta safi, samani chache. Kati ya 1954 na 1957 maonyesho mengine ya vifaa vya nyumbani vya Kaskazini yalizunguka miji ya Marekani na Kanada, na jina "Skandinavia", la nchi kama Denmaki, Norwe na Uswidi, likabaki vichwani mwa watu pamoja na mbao nyepesi na mwanga mwingi. Ikea, iliyoanzishwa na Ingvar Kamprad mwaka 1943, ikaisambaza picha hiyo hadi vyumba vya wanafunzi duniani kote. Ipo nyeupe moja ambayo hapa Uswidi watu huiita nyeupe ya Stockholm. Nimeipaka kuliko rangi nyingine yoyote maishani mwangu, na mikono yangu ingeweza kuitambua gizani.

Njia ya pili ni kongwe kuliko hiyo. Kanisa la mbao la Borgund, Norwe, lilijengwa karibu mwaka 1180. Mbao zake za nje zimepakwa lami ya msonobari kizazi baada ya kizazi hadi zikawa nyeusi. Lami hiyo hupatikana kwa kuunguza polepole visiki na mizizi yenye utomvu, na kazi yake ni kuzuia maji yasioze mbao, kama wazee wetu wa pwani walivyoyalinda majahazi kwa sifa ya papa. Ndani ya nyumba za kale za wakulima wa Norwe kulikuwa na moto wa wazi na tundu la moshi kwenye paa, basi mbao za juu zilijipaka zenyewe kwa masizi. Aliyekulia kwenye jiko la kuni anaijua rangi hiyo, na anajua kuwa haitishi. Ni rangi ya mahali palipo na moto na chakula. Uswidi nako, mabaki ya mgodi wa shaba wa Falun yakatoa rangi ya damu ya mzee iliyofunika nyumba za mashambani nchi nzima. Mgodi ulifungwa mwaka 1992, rangi bado inatengenezwa. Na masizi yakichanganywa na mafuta ya kitani yakawa rangi nyeusi ya milango na vyuma.

Namuenzi pia mchoraji mmoja wa Denmaki, Vilhelm Hammershøi. Kuanzia 1898 hadi 1909 aliishi na mkewe Ida katika nyumba namba 30, mtaa wa Strandgade, Copenhagen, na aliichora nyumba hiyohiyo mara nyingi mno: chumba kitupu, mlango ulioachwa wazi, mwanamke aliyetupa mgongo, kuta za kijivu. Hakuna hata ukuta mmoja wenye rangi ya kuvutia. Lakini ukikaa mbele ya picha zake utaona jinsi kijivu kinavyoupokea mwanga dhaifu wa dirisha na kuufanya uonekane kama kitu unachoweza kukigusa. Kwenye ukuta mweupe mwanga huo ungepotea, kwa kuwa nyeupe juu ya nyeupe haina pa kuonekana. Mimi nilizielewa rangi za huku kwa kuziangalia picha za Hammershøi kuliko kwa kozi yoyote niliyosoma.

Hapo ndipo fundo lenyewe linapofunguka. Nyeupe hung'ang'ania kila punje ya mchana. Rangi ya giza imekubali kwamba mchana umekwisha, na inauandaa usiku ukalike. Wadenmaki huuita mwanga wa mshumaa "levende lys", yaani mwanga ulio hai, na huwasha mishumaa hata kwenye kifungua kinywa. Mshumaa mbele ya ukuta mweupe chini ya taa kubwa ya dari ni pambo tu. Mbele ya ukuta wa mkaa, taa ya dari ikiwa imezimwa, mshumaa huohuo unakuwa moto wa nyumba.

Hesabu ya mwanga

Sasa tuingie pale mpwa wangu alipokwama.

Tuseme taa inatoa mwanga wa kiasi cha 100. Ukuta mweupe mzuri hurudisha zaidi ya 80 katika kila 100 unazozipokea. Ukihesabu na samani na sakafu, tuseme chumba kizima kinarudisha 70. Hizo 70 zinagonga upande wa pili na kurudi 49. Hizo 49 zinarudi 34. Na kuendelea hivyo hadi ziishe. Ukijumlisha mirudisho yote unapata zaidi ya 230, juu ya zile 100 za mwanzo. Chumba cheupe kinaifanyia kazi taa yako.

Ubadilishe sasa, kiwe chumba kinachorudisha 10 tu. Mia inagonga, inarudi kumi. Kumi inagonga, inarudi moja. Basi. Jumla ya mirudisho ni kama 11. Taa ileile, umeme uleule, na mwanga uliomo chumbani ni theluthi moja ya ule wa kwanza. Hesabu hii ni ya chumba cha mfano, chumba halisi kina madirisha na mapazia, lakini mwendo wake ni huohuo.

Taa moja ya dari huishi kwa kutegemea kuta ziisaidie. Kwenye chumba cha giza kuta zimekataa kusaidia, basi mwanga unaangukia utosi wa mtu na zulia, kuta zinapotea, uso unapata vivuli chini ya macho kama mgonjwa. Mtu anadhani dawa ni balbu yenye nguvu zaidi. Anaweka, na anachopata ni mng'ao mkali unaoumiza jicho katikati ya giza lilelile.

Dawa ni kuipeleka taa pale mwanga unapohitajika. Aliyelifikiria jambo hili kwa kina kuliko wote huku ni Poul Henningsen wa Denmaki, aliyezaliwa 1894 na kufariki 1967. Alikua wakati wa taa za mafuta ya taa, na umeme ulipofika aliona balbu tupu inavyomchoma mtu jicho. Akabuni taa ya vifuniko vitatu, mwaka 1925 na 1926, iliyopangwa ili popote uketipo usiione balbu yenyewe, uone tu mwanga ukiwa umelainika na kushuka mezani. Taa yake ya mwaka 1958, ile inayoitwa PH 5, hadi leo utaikuta imening'inia juu ya meza za chakula Denmaki nzima, chini kabisa, kama sentimita 60 juu ya meza. Mgeni huuliza kwa nini wameishusha hivyo. Wameishusha ili iwaangazie wanaokula na kuuacha ukuta upumzike. Bibi yangu aliweka chemli katikati ya mkeka kwa sababu ileile, na hakuna aliyekula pale akahisi yuko gizani.

Kwa sebule ya mita za mraba 20 yenye kuta za giza, mimi huomba taa tano. Moja juu ya meza. Moja ya kusimama nyuma ya kiti cha kusomea. Moja ndogo dirishani, kama Waswidi wengi wanavyofanya. Moja kwenye rafu, ikiangaza ukuta wenyewe kutoka karibu, ili ukuta uonekane kuwa una rangi. Ya tano naiacha mwenye nyumba achague kona anayoipenda. Balbu zote ziwe za mwanga wa joto, Kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga), zile zinazoelekea njano. Ukiweka balbu nyeupe kali za Kelvini 6500, kama za dukani, bluu nzito itakuwa ya barafu na kijani kitaonekana kimechacha. Nimeona watu wakipaka upya chumba kizima kumbe balbu tatu zingetosha.

Nyeusi gani?

Hapa ndipo penye utamu wa kazi yangu, na ninaomba unisubiri kidogo.

Kiswahili chetu kinatusaidia, maana kinatenganisha rangi nzito na rangi iliyokolea. Nyekundu ya kanga mpya imekolea lakini si ya giza. Bluu ya sare za shule ni nzito na imekolea pia. Majivu ya mkaa uliolowa ni mazito lakini hayajakolea hata kidogo. Giza la Skandinavia karibu lote liko kwenye kundi hili la mwisho: zito sana, na limekolea kidogo mno. Mtu akiuliza ni rangi gani, unasita. Ni nyeusi? Ni kijani? Inategemea saa.

Waswidi wana mfumo wa kulisema hili kwa namba. Unaitwa NCS, na ulifanywa kuwa kiwango cha taifa mwaka 1979. Unasimama juu ya rangi sita ambazo jicho huziona kuwa za msingi: nyeupe, nyeusi, njano, nyekundu, bluu na kijani. Kila rangi nyingine inaelezwa kwa ukaribu wake na hizo. Chukua namba S 8005-B80G. Tarakimu mbili za kwanza, 80, ni weusi. Mbili zinazofuata, 05, ni ukolevu. Kinachobaki kufika 100, yaani 15, ni weupe. B80G inasema huo ukolevu mdogo ni wa bluu iliyosogezwa asilimia 80 kuelekea kijani. Nyeupe ya Stockholm ni S 0502-Y: weusi 5, ukolevu 2, na ukolevu huo ni wa njano. Ukilielewa hili, hutababaishwa tena na majina matamu ya kwenye kopo, "usiku wa msitu" na mengine ya aina hiyo. Soma namba.

Ushauri wangu ni ukae kwenye weusi wa 60 hadi 80, na ukolevu wa 2 hadi 10. Ukolevu ukipanda juu ya hapo chumba kinaanza kupiga kelele, na kelele za rangi nzito huchosha haraka. Ukolevu ukiwa sifuri kabisa, kijivu tupu, ukuta unakufa. Hauna cha kuujibu mwanga unapobadilika. Ule ukolevu mdogo wa kijani au bluu au hudhurungi ndio unaoufanya ukuta wa asubuhi usiwe wa jioni.

Kuna jambo la jicho lenyewe pia. Mwanga ukipungua sana, jicho hupoteza nyekundu kwanza, bluu na kijani hubaki kwa muda zaidi. Ndiyo maana magharibi ua jekundu bustanini linageuka jeusi wakati majani yake bado yanaonekana. Chumba cha damu ya mzee, taa zikiwa hafifu, kitaingia weusi kabla ya chumba cha bluu. Hilo si kosa, mimi naipenda damu ya mzee kwenye chumba cha kulia, lakini mwenye nyumba alijue kabla hajalipa.

Usichague kwa kadi ndogo ya dukani. Paka ubao wa mita moja kwa mita moja, mikono miwili (yaani tabaka mbili za rangi), uusogeze kila ukuta, uutazame asubuhi, adhuhuri, na usiku taa zikiwa zimewaka. Rangi moja kwenye ukuta unaotazamana na dirisha na kwenye ukuta wenye dirisha ni kama rangi mbili.

Kung'aa, mbao, na dari

Rangi iwe mati, yaani isiyong'aa. Hapa Uswidi mng'ao huandikwa kwa namba kwenye kopo, na rangi ya kawaida ya ukutani ni 5 au 7, dari 2 au 3. Ukuta wa giza unaong'aa huwa kioo kibovu: unaona balbu ndani yake, na kila kosa la skimu, ile plasta laini ya juu, linajitangaza. Mati hunywa mwanga na kuufanya ukuta uonekane una kina. Gharama yake ni kwamba hushika alama. Bega likisugua kila siku kwenye korido, pale patang'ara. Kwenye korido natumia mati inayovumilia kufutwa, ingawa ni ghali.

Fundi mwenzangu ajue na hili: rangi nzito huchanganywa kwenye besi, yaani rangi ya msingi, yenye titani kidogo sana au isiyo nayo kabisa, na titani hiyo, unga mweupe, ndiyo hufunika. Kwa hiyo kijani kizito au nyekundu nzito inaweza kudai mikono mitatu, na praima, yaani rangi ya kutangulia, iliyotiwa kijivu kwanza. Mpwa wangu alipiga mikono miwili juu ya nyeupe. Mchana kona zilionyesha weupe kwa chini.

Sakafu ndiyo nguzo ambayo watu huisahau. Nyumba nyingi za giza zinazopendeza huku zina sakafu nyepesi, za msonobari au mwaloni. Wadenmaki wana desturi ya kuosha mbao kwa magadi makali na kisha sabuni yenye mafuta, ili mbao zibaki nyeupe-nyeupe zisigeuke njano kwa miaka. Sakafu ya namna hiyo hupokea mwanga wa jua la chini na kuurusha juu, kwenye nyuso za watu. Kuta za giza, sakafu ya giza na samani za giza kwa pamoja ni mzigo ambao taa tano haziubebi.

Wapo walioubeba hata hivyo. Arne Jacobsen alipoijenga hoteli ya SAS Copenhagen, iliyofunguliwa 1960, alitumia mbao za wenge, mti wa misitu ya Kongo, Kameruni na Gaboni, wenye rangi ya kahawa iliyoungua. Chumba namba 606 kimehifadhiwa kama alivyokiacha, mbao hizo nzito pamoja na vitambaa vya bluu inayoelekea kijani. Mti umesafiri kutoka bonde la Kongo kwenda kuitwa mtindo wa Kaskazini. Leo wenge wa msituni umepungua kwa kukatwa, na mimi simshauri mtu kuununua. Mwaloni wa hapahapa ukifukizwa kwa amonia, tanini iliyomo (asidi ya asili ya mti) hugeuka na mbao zinakuwa hudhurungi nzito, bila rangi yoyote.

Dari, sasa. Ukipaka kuta giza na kuiacha dari nyeupe, unaweka mstari mkali kuzunguka chumba, na jicho linapima urefu wa dari kila linapoinuka. Kwenye nyumba ya zamani yenye dari ya mita tatu na ushee, mstari huo unapendeza. Kwenye fleti ya miaka ya 1960 yenye mita mbili na nusu, mimi huipeleka rangi juu, nikapita milango, fremu na mbao za chini za ukuta, vyote rangi moja. Kona zinapotea, na chumba kidogo kinaacha kulalamika kuwa ni kidogo. Ndiyo sababu huwaambia watu waanze na chumba kidogo kuliko vyote: korido, chumba cha kulala, msalani. Sebule kubwa yenye kuta za giza na samani chache inaonekana kama ukumbi uliofungwa.

Chumba cha mtoto anayejifunza kusoma sikipaki giza. Wala jiko lenye dirisha dogo, pale mtu anapokata vitunguu. Na mzee ambaye macho yake yameanza kufifia namwomba aniruhusu nipake rangi ya kati, maana ukingo wa mlango mweusi kwenye ukuta mweusi ni mtego.

Kwa wanaopanga nyumba hapa Uswidi: sheria inamruhusu mpangaji kupaka rangi na kubandika karatasi za ukutani kwa gharama zake. Lakini kazi ikishusha thamani ya matumizi ya nyumba, mwenye nyumba ana haki ya kudai fidia. Fanya kazi ya kifundi, na uhifadhi namba ya rangi iliyokuwapo.

Ukiipeleka nyumbani

Ndugu huniandikia kutoka Dar, Mombasa na Muscat wakitaka kitu hichohicho. Watu wa Ghuba wanaijua Jotun ya pengwini, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1926 huko Sandefjord, Norwe, kwa hiyo rangi yenyewe haina shida kuipata. Kinachokosekana ni lile jua la ngumi moja. Jua letu ni kali, linatoka juu, linagonga uani au barazani na kurudi ndani likiwa jeupe. Vigae vyenye kung'aa vikilirusha kwenye ukuta wa mkaa, jicho linahangaika kati ya mwako na giza. Tandika mkeka mpana wa ukindu, weka pazia jepesi, ndipo ufungue ndoo.

Wengi huogopa joto. Ukuta wa ndani hupata joto la jua pale tu jua linapoufikia kwa dirisha. Rangi inayoamua joto la nyumba ni ya paa na ya kuta za nje, na hizo ziache ziwe nyeupe. Ninachokihofia zaidi pwani ni chumvi. Ukuta unaopanda unyevu huota unga mweupe, na juu ya rangi ya mkaa unga huo huonekana kutoka mlangoni. Tibu unyevu kwanza. Na ikumbukwe kwamba nyumba za mawe za Lamu zilishalitatua jambo hili kwa upande mwingine: kuta nene, madirisha machache, vyumba vyembamba kwa urefu wa boriti, na chokaa nyeupe na vidaka vikiugawa mwanga mdogo ulioingia. Huko giza lilikuwa kivuli cha kupumzikia, na halikuhitaji rangi.

Jioni ile nilifika kwa mpwa wangu na taa tatu za kwangu nyumbani, pamoja na mbili za kukopa. Tulizima ile ya dari. Tukaweka moja nyuma ya kochi, moja kwenye rafu ya vitabu, moja dirishani, moja ikashuka juu ya meza kwa waya tuliouning'iniza kwa muda kwenye ndoano ya pazia. Ya tano aliiweka sakafuni, karibu na mmea wake. Hakusema kitu. Aliingia jikoni akachemsha chai ya tangawizi, akarudi akakaa, na mwanawe akalala kwenye zulia akichora. Wiki iliyofuata tuliongeza mkono wa tatu, tukaipeleka rangi hadi darini.

Namba yake ilikuwa S 8005-B80G. Sebule yake inatazama kaskazini, na kaskazini ya huku haipati jua majira yote ya baridi. Mwezi Juni alinipigia tena, saa tatu na nusu usiku. Jua lilikuwa limezunguka hadi kaskazini-magharibi na kuingia dirishani mwake kwa mlalo, kwa mara ya kwanza tangu ahamie.

"Mjomba," akaniambia, "ukuta wangu ni wa kijani."